Ubao wa Juu ya Bati

Sibebi katalogi. Nabeba ubao mmoja wa paina,
urefu wa mkono, niliouacha juu ya bati langu Nzuguni
tangu kiangazi cha mwaka juzi.
Una mistari mitatu. Mteja nampa aushike kwanza,
ndipo tuongee bei.

Bwana Semkiwa wa Iyumbu anataka vanishi.
Anataka ing'ae, "kama meza ya mkutano," anasema,
ajione uso akiinama kufunga kamba za viatu.
Baraza lake ni la mninga, mita sita kwa nne,
limeelekea magharibi, halina hata kichaka mbele,
jua la saa nane linaingia bila hodi.

Mstari wa kwanza, namwambia, ni vanishi hiyo hiyo.
Imebanduka kama gamba la nyoka aliyekwisha kuhama.
Wa pili ni rangi nzito: imeshika,
ila hujui tena kama chini ni paina, ni mninga, au ni ukuta.
Wa tatu ni mafuta yenye hudhurungi kidogo,
ya kunywewa na mbao. Umefifia. Haujabanduka.

"Huu umezeeka," anasema, akiukwaruza kwa ukucha.
Umezeeka, bwana. Ule wa kwanza umekufa.

Akanyamaza. Nikalowesha kitambaa,
nikapangusa ubao mmoja wa baraza lake:
mninga ukaamka, mwekundu wa ndani, mistari myeusi
ikitiririka kama njia za maji kwenye korongo.
"Hiyo!" akasema. "Nataka hiyo."
Hiyo inakauka baada ya dakika mbili.
Kazi yangu ni kuikawiza.

Siku mbili za msasa. Vumbi la mbao puani,
vumbi la Dodoma kila mahali pengine.
Kisha tone la maji: likisimama mviringo, ngoja;
likizama, mbao ina kiu, anza.

Agosti hapa upepo haupangi nawe.
Naamka saa kumi, saa kumi na moja niko na brashi,
tochi kichwani, kabla udongo haujaanza kuruka.
Ubao mmoja, mwanzo hadi mwisho, kufuata nyuzi zake,
bila kupumzika katikati.
Simu ikiita, iite.
Vichwa vya mbao navinywesha mara tatu,
huko ndiko mvua huanzia wizi wake.
Baada ya robo saa napangusa zote;
kilichobaki juu si rangi tena, ni deni,
kitanata, kitakusanya nzi na unyoya.

Saa tatu naacha. Jua likishapasha ubao
mafuta hukauka kabla hayajaingia,
na mkono uliopita mara mbili huonekana milele.

Siku ya pili akapita kuku wa Mama Ndahani,
vidole vitatu vitatu, mbao tano, bila haraka.
Nikarudia mbao nne.
Wa tano, ule wa pembeni karibu na mfereji,
nikauacha. Bwana Semkiwa hajauona bado.

Jioni, kabla ya kunawa, kuna matambara.
Fundi Masinga, aliyenifundisha kushika brashi,
aliyarundika kwenye ndoo Jumamosi moja akafunga mlango.
Jumapili, watu wakiwa ibadani,
karakana yake ya Chang'ombe ikawaka yenyewe.
Kiberiti hakikuwashwa. Mafuta yakikunjwa gizani
hujipikia moto.
Randa zake zote. Kitanda cha bibi harusi wa mtu.
Hakushika tena msumeno; anauza mkaa sasa,
na nikipita hutazama mikono yangu kwanza.

Basi nayatandaza moja moja
kwenye seng'enge ya Bwana Semkiwa, yasigusane,
vitambaa kumi na vinne vya rangi ya chai.
Mkewe anachungulia dirishani.
"Fundi Foibe, umefua?"

Nimefua, mama. Usiyaanue.